Bati Lililobanduka na Rangi Yake

Trela lilirudi karakana likiwa limefungwa kamba kiunoni. Bati la ubavu wa kulia, kipande kimoja cha mita 3 kwa mita 1.5, lilikuwa limebanduka kuanzia kona ya juu ya mbele. Lilikuwa limeachia nguzo ya kwanza, likaachia ya pili, kisha likakunjika kwenye nguzo ya tatu kama ukurasa wa daftari. Mwenye trela alifungua kamba mwenyewe, akaliacha bati lining'inie mbele yangu, halafu akasema: "Fundi, si nilikuuliza mara tatu kama gundi itaiweza kazi ya ribiti?"

Aliniuliza kweli, na mara zote tatu nilimjibu kwamba itaiweza. Trela lilikuwa na miezi mitano tu barabarani.

Ribiti, vile vishikizo vifupi vya metali vinavyopitishwa kwenye tundu kubana bati, alizikataa yeye, na alikuwa na sababu. Trela lake la kwanza lilipigwa ribiti za kuvuta, za alumini, na baada ya muda kila moja ikatoa chozi la kutu. Watu hushangaa alumini inatoaje kutu. Ile pini inayokatika ukivuta ribiti mara nyingi ni ya chuma, na kichwa chake hubaki ndani ya tumbo la ribiti. Maji yakikifikia, kinaoza, ribiti inalegea, tundu linaanza kuvuja. Sasa ubavu mmoja wa trela kama hili una karibu mita 15 za fremu ya kushikia bati. Ukipiga ribiti kila sentimita 7.5, umetoboa matundu 200 kwenye ukuta ambao kazi yake ni kuzuia mvua.

Fremu ilinifikia ikiwa imeshachomelewa na kupakwa rangi na fundi mwingine. Ilikuwa ya mabomba mraba ya chuma ya milimita 40, nguzo sita kila ubavu kwa nafasi ya sentimita 60, na bomba moja juu na moja chini. Rangi ilikuwa nyeupe, inang'aa, haina hata mchirizi. Niliipenda, na nakiri kwamba kuipenda huko ndiko kulikoniponza. Bati lilikuwa alumini ya milimita 1.2 yenye rangi ya kiwandani iliyookwa. Gundi nilichagua poliurethani ya tubu moja, jamii ileile inayoshikilia vioo vya mbele vya magari, ambayo ikikauka hubaki kama mpira mgumu.

Hesabu zangu kabla ya kazi zilikuwa hivi. Mstari wa gundi wenye umbo la pembetatu, milimita 10 upana na 10 kimo, ukigandamizwa hadi unene wa milimita 3 hutanuka kufikia upana wa milimita 17 hivi. Kwa mita 15 hiyo ni robo ya mita ya mraba ya gundi. Ukiibebesha megapaskali 0.1 tu, yaani kama kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, ambayo ni sehemu ndogo sana ya uwezo wa gundi za aina hii, bado inahimili nguvu ya zaidi ya tani mbili na nusu. Bati lenyewe lina uzito usiofika kilo 15. Upepo wa kilomita 90 kwa saa una shinikizo la kama kilo 38 kwa kila mita ya mraba, yaani karibu kilo 170 kwa bati zima. Hata ukisema pale kwenye kona ya mbele, ambako upepo hujipinda na kufyonza bati kwa nje, nguvu ni mara mbili ya hapo, bado unabakiwa na akiba ya kutosha. Kwenye karatasi bati lile halikuwa na namna ya kutoka.

Nilichukua tochi nikaingia nyuma ya bati lililoning'inia. Mistari ya gundi ilikuwa yote ipo, imenyooka, imeshikamana na alumini hata ukucha haupiti. Gundi niliyopaka ilikuwa nyeusi, lakini uso uliokuwa unanitazama ulikuwa mweupe. Nikafikiri ni vumbi, nikapitisha kidole, hakuna kitu. Ilikuwa rangi ya fremu. Ilikuwa imehama nyumba nzima nzima: upana wa milimita 17, urefu wa nguzo. Nikakwangua mgongo wa ile rangi kwa kisu. Hapa na pale ulitoa vigamba vyembamba vya rangi ya bluu nyeusi, vinavyovunjika kwa kidole kama magamba ya samaki mkavu.

Kwenye nguzo yenyewe pakabaki mfereji mtupu, chuma laini, na karibu na kila mshono wa kuchomelea kulikuwa na nyuzinyuzi za kutu zikitambaa kuelekea kwenye huo mfereji.

Yule aliyewahi kununua bomba jipya anavijua vile vigamba. Chuma kikiviringishwa kikiwa cha moto, uso wake huungua na kuvaa ngozi ngumu ya bluu nyeusi. Kwa macho ngozi ile inaonekana kuwa chuma chenyewe. Inashika rangi vizuri sana; tatizo ni kwamba yenyewe haijashikamana na chuma kwa uhakika. Joto, mtikisiko na unyevu huiachanisha kidogo kidogo. Juu yake kulikuwa na mafuta ya kiwandani yaliyofutwa nusunusu, na juu ya hapo ndipo ilipokaa rangi nzuri niliyoipenda. Mimi niliisugua ile rangi kwa msasa laini, nikaifuta, nikapaka gundi. Gundi ikashika barabara kile nilichoipa.

Hapa pana jambo ambalo fundi akilizoea hatahitaji maabara. Mwungano wa gundi ukiachia, tazama nyuso zote mbili. Gundi ikitoka safi upande mmoja, ikauacha kama ilivyoukuta, basi haikushika: kulikuwa na uchafu, mafuta, au gundi haikuufaa uso ule. Gundi ikipasuka katikati yake, ikabaki nusu huku na nusu kule, basi ilishika kote kuwili na mzigo ndio ulioizidi. Na ikitoka na ngozi ya kile ilichoshika, iwe rangi, kutu au zinki, usiitafute hatia kwenye tubu. Sisi tulikuwa kwenye aina ya tatu, wazi kabisa.

Nguzo ya tatu ndiyo iliyoniondolea shaka. Wakati wa kufunga niliikuta imepinda milimita kadhaa, nikaikata, nikaichomelea upya, na kwa kuwa rangi ilishaungua nikaisaga na grainda mpaka chuma cheupe, nikaipaka praima, rangi ya kwanza, ya epoksi ya kuchanganya. Nilifanya hivyo kwa ajili ya kutu, wala sikuwa nawaza gundi. Gundi ileile, mkono uleule, siku ileile. Upepo ulipofika pale bati lilikunjika, alumini ikapata kovu lisilonyooka tena, na gundi ikabaki palepale. Kwenye ncha ya juu tu ilikuwa imechanika kama sentimita 4, na ilichanika katikati yake yenyewe, nyeusi huku na nyeusi kule.

Mwenye trela alikuwa ameinama pembeni yangu. Nikamwonyesha nguzo ya pili, kisha ya tatu. "Kwa hiyo kosa ni la mpaka rangi," akasema.

"Hapana, bosi. Yeye aliambiwa apake rangi ya kuzuia kutu na ya kupendeza. Hakuna aliyemwambia kwamba rangi ile itabeba ukuta. Hiyo ilikuwa juu yangu kuijua."

Hata hivyo sikutaka kuishia hapo, kwa sababu rangi mbovu ilikuwepo nguzo zote isipokuwa moja, ubavu wa kushoto pia, na bado palipoachia ni kona moja. Washukiwa wengine niliwapitia mmoja mmoja.

Wa kwanza alikuwa ukaukaji. Gundi hizi hukaushwa na unyevu wa hewa, na unyevu huingia kwa pembeni tu kama pande zote mbili ni chuma. Siku ya kwanza hukauka milimita 3 au 4 kutoka ukingoni, kisha kasi hupungua kadiri unavyoingia ndani. Ili kufika katikati ya mstari wa milimita 17 unahitaji kama wiki, na kwenye baridi au ukavu mkali zaidi ya hapo. Mimi nililitoa trela siku ya tatu. Niliogopa. Nikaukata mstari wa nguzo ya kwanza kwa wembe, vipande vya sentimita moja moja, nikakuta umekauka mpaka kiini, hauna ulaini wala harufu. Kama uliumia siku zile za mwanzo, haukuacha alama. Nimemwachia, lakini siku ya tatu siitoi kazi tena.

Wa pili alikuwa unene, na huyu hakutoka mikono mitupu. Katikati ya bati niliweka vipande vya mpira vya milimita 3 ili gundi isibanwe kupita kiasi. Pale nguzo ya mbele nilitaka ukingo ukae sawasawa na fremu, nikabana kwa klampu mbili kwa nguvu zangu zote. Vipande vya mpira vilichomoka bila mimi kuona. Kalipa, chombo cha kupimia unene, ilinionyesha gundi ya pale ilikuwa milimita 0.8.

Kwa nini jambo hilo ni zito? Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Chukua mita 3 za bati lililofungwa kwenye nyuzi joto 20. Juani linafika 60; fremu iliyo kivulini nyuma yake inafika labda 35. Bati limerefuka milimita 2.8, fremu nusu milimita. Tofauti ni kama milimita 2.2, na ukigawa pande mbili kila mwisho unasogea milimita 1.1, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Gundi yenye unene wa milimita 3 huyumba nao bila kusumbuka. Gundi ya milimita 0.8 inalazimishwa kujivuta zaidi ya unene wake. Poliurethani yenyewe haikatiki kwa kiasi hicho, inanyumbulika kuliko hapo, ila nguvu inayoipeleka kwenye kile ilichoshika ni karibu mara nne ya ile ya wenzake wa milimita 3. Kwa hiyo kila siku, kwa miezi mitano, kona ya mbele ilikuwa ikiivuta rangi huku na kule juu ya magamba yale. Ile nyembamba ilikuwa inaonekana imara zaidi. Ukigonga pale palikuwa na sauti ngumu, ya kuridhisha, na nakumbuka nilijisifu.

Wa tatu ni ukingo wenyewe. Mwenye trela alitaka uso wa mbele uwe msafi, hakuna kona ya alumini, yaani kipande cha umbo la L, iliyotokeza, nami nikakubali kwa sababu hata mimi nilipenda. Ukingo mbichi wa bati ukabaki unaangalia upepo. Gundi inabeba mzigo mkubwa mno ikiburutwa kwa ubapa, na mkubwa kiasi ikivutwa moja kwa moja, lakini ukianza kuibandua kwenye ncha hesabu zote za robo mita ya mraba hazina maana tena. Ni kama plasta kwenye ngozi: ivute kwa ubapa uone, kisha inua ncha yake moja. Nguvu yote inakwenda kwenye mstari mwembamba ulio mbele, mstari ukiachia, unaofuata unapokea zamu. Zile tani mbili na nusu zangu hazikuwahi kufanya kazi kwa pamoja hata siku moja.

Ukiziunganisha, safari ya bati inasomeka hivi. Kutu ilianza kwenye mishono ya nguzo ya mbele, ikaingia chini ya magamba. Gundi iliyobanwa ikaitikisa rangi kila jua lilipochomoza. Siku moja sentimita chache za juu zikaachia kimyakimya, na ningekuwa nimepitisha pale fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia mwanya, ningezigundua. Upepo ukapata pa kuingiza kidole, ukanyanyua ncha, ukabandua. Nguzo ya kwanza na ya pili zilikwenda pengine kwa sekunde. Ya tatu ikakataa.

Swali lililofuata lilikuwa kama nibadilishe gundi. Jirani yangu wa karakana alishauri epoksi, kwamba ni ngumu zaidi. Ni ngumu, ndiyo, na ugumu huo ndio nisioutaka: kwenye kipande kidogo ningeitumia, kwenye mita 3 za metali mbili zinazotanuka tofauti haina pa kuyumbia. Gundi za akriliki za sehemu mbili zina nguvu na hazichagui sana chuma chenye mafuta kidogo, ila zinakupa dakika chache tu za kufanyia kazi na mita 15 hazingojei. Mkanda wa povu la akriliki nimeutumia na nauheshimu. Mkanda wa jamii hiyo uitwao VHB, wa kampuni ya 3M, unafunga mabati ya malori na trela miaka mingi sasa, na kipimo chake cha mzigo tuli ni kama sentimita 55 za mraba kwa kila kilo, kwa hiyo uzito wa bati letu usingekuwa taabu. Lakini unataka nyuso mbili zilizonyooka, na fremu ya kuchomelea ina mabonde. Mkanda wa milimita moja hauwezi kujaza bonde la milimita mbili. Silikoni sikuijadili kabisa. Nikabaki na gundi ileile.

Ubavu wa kushoto ulikuwa haujatikisika, na mwenye trela alitumaini tutauacha. Nilichukua kisu nikainua ncha ya mstari mmoja kwa ndani, pale ulipomwagikia pembeni ya nguzo, nikauvuta kwa koleo huku nikiukata taratibu kwenye shina. Gundi iliyoshika vizuri hukataa, inachanika na kuacha mabaki meusi. Hii ilikuja yote, nyeupe nyuma. Akanyamaza, akatikisa kichwa, akasema haya, yote mawili.

Tulikata gundi kwa waya wa kukatia vioo vya magari, mmoja ndani mmoja nje, tukivutana kama wapasua mbao. Bati la kulia lilikuwa halifai tena. La kushoto tuliliokoa. Fremu tukaisaga, magamba yote, mpaka chuma kikawa cha kijivu cheupe mahali popote gundi itakapokaa, na ndani ya mishono tukaingia na brashi ya waya. Kisha kufuta. Mara ya kwanza msaidizi wangu alifuta kwa tina kutoka kopo la kuoshea brashi, na kitambaa kimoja kwa fremu nzima, kwa hiyo alichofanya ni kugawa mafuta sawa kwa nguzo zote. Safari hii tulitumia alkoholi ya isopropili, kitambaa safi, mpito mmoja kuelekea upande mmoja, geuza, mpito mwingine, tupa.

Nilimfundisha pia kipimo cha maji. Mwaga maji safi kidogo kwenye chuma ulichokisafisha. Yakitandaa kuwa utando mmoja usiokatika, uso ni safi. Yakijikusanya matone, au utando ukajitenga na kuacha kisiwa kikavu, pale pana mafuta, hata kama macho yanakuapia hapana. Nguzo ya tano ilitoa visiwa viwili, vyenye ukubwa wa kiganja. Kijana aliangalia mkono wake, akakumbuka kwamba ndipo alipoishikia fremu tukiigeuza. Alivaa glavu bila kuambiwa. Tukakausha upesi, tukafuta tena, tukapaka praima ya epoksi kabla chuma hakijaanza kubadilika rangi, tukaiacha ikomae, tukaisugua wepesi.

Kwenye bati la kushoto sikung'oa gundi ya zamani yote. Wafungaji wa vioo wanajua hili: poliurethani iliyokatwa punde, ikabaki tabaka la milimita moja hivi, ndiyo kitanda bora kwa gundi mpya ya aina hiyohiyo, mradi haijaguswa na mafuta na haijakaa siku nyingi. Tuliikata chini ya ile rangi nyeupe, ikabaki nyeusi tupu. Bati jipya tulilisugua kwa pedi ya kusugulia, tukafuta kwa kiamshi, kimiminika cha kuandaa uso, kinachoendana na gundi.

Vipande vya mpira sasa nilivigandisha kwenye nguzo kwa tone dogo, visiponyoke. Pua ya tubu niliikata kwa umbo la V ili gundi isimame pembetatu, isilale kama funza. Bati tuliligandamiza kwa mbao ndefu na mikanda ya kufungia mizigo, kwa uzito wa mkono tu, na klampu niliziweka mbali ili nisitamani. Kwenye bomba la chini niliacha mianya kila nafasi ya nguzo, maji yakiingia yawe na pa kutokea. Trela lilikaa ndani wiki nzima.

Ule uso msafi wa mbele nilimwambia sitaurudia. Sasa kuna kona ya alumini inayofunika ukingo wa bati, imebandikwa kwa gundi, na imefungwa kwa skrubu sita zinazoingia kwenye fremu kutoka upande wa mbele, bila kutoboa ubavu. "Si tulisema hakuna kutoboa?" aliuliza. Nikamwambia tulisema hakuna ribiti. Alicheka kidogo, ila alizihesabu.

Limebaki paa. Lina rangi ileile ya zamani chini yake, na hakutaka gharama ya kulifungua. Gundi ya pale ina unene mzuri, nilipima kote nilikofikia, na kingo zake zote zimefunikwa, upepo hauna pa kuanzia. Tulikubaliana alilete kila baada ya miezi mitatu nipitishe fila geji ya milimita 0.1 kwenye mzunguko wote. Amelileta mara mbili. Mara ya pili iliingia sentimita moja upande wa nyuma, karibu na mshono wa kona, nikapaweka alama ya kalamu na tarehe.